Aliuliza Pasi, Hakuuliza Ukoo

Nilipona kwa chuki. Nalisema mapema ili anayetafuta hadithi ya msamaha asipoteze muda wake hapa.

Juzi mjukuu wangu, yule anayesomea mambo ya afya ya akili chuoni, alikuja kunitembelea hapa Majimbo. Akanywa chai, akala nduma, kisha akaniuliza, "Nyanya, nyinyi mkiwa wanafunzi mlikuwa mnajitunza vipi mawazo yakiwazidi? Mlikuwa na mtu wa kuzungumza naye?" Nikacheka mpaka miwani ikaanguka. Mtu wa kuzungumza naye! Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari Waingereza wakipigana na Mau Mau, mtu wa kuzungumza naye ndiye aliyekupeleka kizuizini.

Lakini swali lake lilinikaa. Maana niliugua kweli, nikiwa mwanafunzi, na si ugonjwa wa malaria wala wa tumbo. Niliugua kichwani, au moyoni, sijui ninyi wasomi mnauweka wapi. Na nilijiuguza mwenyewe kwa dawa ambayo haiuzwi dukani. Basi nikamwambia akae, asinikatize, nimweleze. Hivi ndivyo nilivyomweleza.

Kwanza ajue kwamba mimi ni mtu wa hasira. Nimezaliwa nayo, kule kwetu Meru, upande wa Kianjai. Nikiwa mtoto mdogo alikuja mtu nyumbani ambaye hatukuwahi kumwona. Akaketi, akapewa uji, akaumaliza, akapangusa mdomo, halafu akanyoosha kidole: "Yule mweupe." Baba akaenda akamfungua mbuzi mweupe, akamkabidhi kamba mgeni, huku anacheka naye. Ala! Mbuzi mwenyewe alikuwa wangu, mimi ndiye niliyemlisha majani ya viazi tangu azaliwe. Nililia, nikagaragara, nikamrushia yule mtu mavi ya mbuzi. Ni siku hiyo tu ambapo baba alinichapa kwa kumaanisha.

Baadaye alinipakata akanieleza. Yule mtu alikuwa gichiaro. Zamani, wazee wa ukoo wake na wazee wa ukoo wetu walikula kiapo cha undugu, na tangu hapo mtu wa gichiaro hapigwi, hatukanwi, haibiwi, wala hanyimwi kitu alichokiomba kwa jina hilo. Ukimnyima, balaa halipotei njia, linakuja nyumbani kwako na kwa watoto wako. Ndiyo maana zamani watu wakikutana njiani waliulizana ukoo kabla ya jambo lolote, mtu asije akamkosea gichiaro bila kujua. "Na mimi nikienda kwake?" nikamwuliza baba nikifuta kamasi. "Utapewa chochote utakachoomba," akasema. Nikasema nitaenda kuomba mbuzi wangu. Baba alicheka sana. Mimi sikucheka.

Sasa nije kwenye shule. Nilikuwa msichana wa bweni katika shule ya misheni, Embu. Wasichana wa kutoka Meru tulikuwa wachache. Likizo ikifika, wenzangu walikwenda kwao, na mimi nilihitaji pasi ya kusafiri hadi Kianjai. Pasi hiyo nilinyimwa. Nilipewa ya kwenda kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa huku huku Embu, juu karibu na msitu wa mlima. Mume wake alikuwa kizuizini. Shangazi alibaki na watoto wawili wadogo na mke mwenzake, wamerundikwa na watu wengine katika kile kijiji cha Imajensi: nyumba zimebanana, lango moja, na kuzunguka kote mtaro.

Mtaro huo tuliuchimba wenyewe. Wanawake, wazee, na mimi mwanafunzi nikiwa likizoni. Ulikuwa mpana, wenye kina cha kummeza mtu mzima, na chini yake ilichomekwa mianzi iliyochongwa. Tulichimba kuanzia asubuhi, na mlango wa kwenda shambani kutafuta chakula ulifunguliwa kidogo tu mchana, kisha ukafungwa. Aliyechelewa alilala na njaa.

Aliyetusimamia alikuwa kamanda wa hom gadi wa pale, wale askari weusi wa serikali ya Wazungu, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti nyororo. Hakupiga kelele hata siku moja. Kiembu chake kilikuwa safi, sote tulimchukulia kuwa mwenyeji. Ukimkaribia, kabla hujasema hujambo wala shikamoo, alinyoosha kiganja akasema, "Pasi." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Shangazi alikuwa na kifua. Alikohoa mpaka akashika magoti. Siku moja jua lilikuwa kali, akashindwa, akaketi juu ya kifusi, akaomba maji, kwa heshima, kwa Kiembu alichojifunza huku alikoolewa. Kamanda alikuwa na chupa yake ya maji ya kuning'iniza kiunoni. Akaifungua. Nilifikiri anampa, nikamshukuru moyoni, pumbavu mimi! Alimtazama shangazi machoni, akayamwaga chini mbele ya miguu yake, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Mwenye kiu aende msituni kwa rafiki za mume wake," akasema kwa ile sauti yake nyororo. Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi, shika jembe lake."

Nilishika jembe. Nilichimba mpaka filimbi ikapigwa, na shangazi muda wote amekaa pale anaangalia udongo uliolowa. Kabla likizo haijaisha, alikuwa amekufa. Tulimzika mbio mbio kabla lango halijafungwa. Watoto wake wakabaki kwa mke mwenza.

Nikarudi shuleni. Kwa macho ya watu nilikuwa mzima. Siku ya kwanza mezani nikainua kikombe cha bati chenye maji, na koo likafunga. Si kusema sikutaka, nilikuwa na kiu ya kufa! Lakini maji yakifika mdomoni, koo linakaza kama limefungwa kamba, natapika. Nikajaribu tena kesho yake, hivyo hivyo. Nikajaribu nimefumba macho. Nikajaribu nimeshika pua kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Wapi! Uji niliweza kidogo, chai ya maziwa kidogo, lakini maji matupu, yale ya kuona chini ya kikombe, hapana.

Na si maji tu. Nilianza kuanguka darasani. Mwalimu akipita nyuma yangu, mikono inatetemeka mpaka kalamu inadondoka. Nywele zilitoka nikizichana. Nikisikia filimbi ya mchezo uwanjani, najikuta nimesimama wima, nimeshikilia dawati kama mpini wa jembe. Wasichana wengine wakaanza kunong'ona kwamba nimerogwa, wengine kwamba nimekula kiapo cha msituni na sasa kinanila. Hilo la pili lilikuwa la hatari kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama wa Kizungu, mwema kwa namna yake. Aliniita ofisini, akanipima joto, akaniambia nipige magoti tuombe. Baada ya maombi akasema, "Binti yangu, una uchungu na mtu. Msamehe, na koo lako litafunguka." Nikamwambia sawa, mwalimu. Ndipo akaongeza lile lililonichoma: nimejitahidi masomoni, lakini shule haiwezi kukaa na msichana anayeanguka anguka. Ikiwa baada ya likizo ijayo sitakuwa nimeanza kunywa maji kama watu, nafasi yangu atapewa mwingine, nami nikapumzike nyumbani. Nyumbani, kwa mujibu wa pasi yangu, ni kule kwenye mtaro. Kwa yule mwanamume.

Basi nikawa nimeshikwa pande mbili. Nipone au nirudishwe mikononi mwake, nimchimbie mtaro mpaka nife kama shangazi.

Bwenini nilikuwa na rafiki mmoja, msichana wa Mbeere, kule kwenye ukame. Yeye ndiye aliyegundua muwa. Nyuma ya jiko palikuwa na shamba la shule, na pembeni mwa shamba miwa. Siku moja tukipalilia maharage aliukata mmoja kwa panga bila ruhusa ya mtu, akanimenyea, akanisukumia mdomoni. "Tafuna." Nikatafuna, na koo likapitisha. Lo! Utamu uliteremka mpaka kwenye vidole vya miguu. Tangu siku hiyo nilikunywa muwa. Maji yale yamejificha ndani ya nyuzi, koo langu halikuyatambua.

"Wameru mna madharau," akanichokoza. "Kwetu ng'ombe wanakufa wakitafuta maji, watu wanafukua mchanga wa mto kwa kata. Wewe unaletewa na bomba mpaka puani, unayakataa!" Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikicheka nikaanza kulia, nikilia nikaanza kusema. Nilimwambia yote pale pale kwenye maharage, kuanzia chupa mpaka kaburi. Hakuacha kupalilia. Hakunishika bega, wala hakusema pole. Nilipomaliza, alisimama, akapangusa jasho, akauliza:

"Sasa, utamfanya nini?"

Mjukuu wangu, kwa swali hilo peke yake nitampenda yule msichana mpaka kaburini. Kila mtu aliniuliza nina nini, yeye aliniuliza nitamfanya nini. Wanasema hasira hasara. Hasira yangu ilikuwa faida tupu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi. Niliamka, nikaoga hata maji yakiwa baridi ya kukata, nikapaka mafuta, nikachana nywele zilizobaki. Nilikula chakula chote sahanini, hata githeri iliyoungua, kwa sababu mtu anayekwenda kulipiza kisasi hawezi kwenda amekonda. Nilitafuna muwa wangu. Nilipalilia. Mikono ikitetemeka darasani, niliikunja chini ya dawati, nikayarudia moyoni maneno fulani, na kutetemeka kukaisha. Nyinyi mnaita nini, mazoezi ya kupumua? Mimi nilikuwa na sentensi.

Sentensi yenyewe ni hii: "Kamanda anapeleka unga msituni."

Mara kwa mara pale kijijini alikuja afisa Mzungu na mkalimani wake, pamoja na mtoa habari aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walipangwa mstari. Mwenye gunia akitikisa kichwa mbele yako, umekwenda. Na mtu yeyote aliweza kumnong'oneza mkalimani neno, hata mwanafunzi, hasa mwanafunzi wa misheni mwenye Kiingereza kizuri. Hom gadi naye hakuwa salama, akishukiwa hali yake ilikuwa mbaya kuliko yetu. Ilikuwa uwongo, ndiyo. Hakupeleka unga popote. Nilijua vizuri watamfanya nini, na kila nilipowaza hivyo chakula kilishuka vizuri zaidi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, si ndivyo? Nami nilitaka auonje.

Likizo ikafika. Rafiki yangu alinipa miwa miwili ya njiani, nikaibeba begani kama bunduki, nikapanda juu.

Kijiji kilikuwa kile kile, mtaro umeongezeka kina. Mke mwenza wa shangazi alinipokea, akaniambia afisa na mkalimani wanatarajiwa wakati wowote wiki hiyo. Nikasema vizuri sana. Nikaketi nje nimenye muwa, nikawaita watoto wa shangazi kwa Kimeru cha kwetu, maana mama yao alikuwa akizungumza nao hivyo, sikutaka wakisahau.

Nyumba ya jirani palikuwa na bibi kizee ambaye likizo iliyopita sikumwona. Amekaa juu ya kigoda karibu na lango, anapukuchua maharage. Aliposikia Kimeru kile akainua kichwa, akaniita. "Wewe mtoto, hicho ni Kitigania, Kimeru cha kwetu. Njoo." Nikaenda, nikamwamkia. Hakuniuliza jina wala pasi. Aliuliza kama watu wa zamani:

"Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Yule bibi aliweka ungo chini, akasimama, akanitemea mate kifuani, ile baraka ya wazee wetu, akacheka mpaka nikaona hana meno ya mbele. Akanitajia ukoo wa mume wake na watoto wake. Gichiaro! Tangu aletwe huku, akasema, hajaona mtu wa kwao, na leo Mungu amemletea gichiaro mlangoni. Halafu akanyoosha kidole. "Huo muwa, nipe."

Muwa wa mwisho! Nilikuwa nimeuhifadhi kwa koo langu. Lakini ningefanya nini? Nilimpa, nikamkumbuka baba na mbuzi mweupe. Alikata kipande kwa magego yaliyobaki, akakitafuna kwa furaha. Nikamwuliza amefuata nani huku mbali. "Mwanangu," akasema. "Mjomba wake alimchukua akiwa hajang'oa meno ya utotoni, akalelewa huku akawa Mwembu. Sasa amekuwa mkubwa, amenileta nikae karibu naye." Akaonyesha kwa kipande cha muwa.

Alimwonyesha kamanda.

Sikumbuki nilivyoagana naye. Nakumbuka nimekaa nyuma ya nyumba nimejishika kichwa kwa mikono miwili. Mtu wangu, kisasi changu, dawa yangu ya miezi yote ile, alikuwa gichiaro! Nikimnong'oneza mkalimani lile neno, akachukuliwa, damu yake inarudi kwangu na kwa watoto nitakaowazaa. Nililaani wazee waliokula kiapo kile. Nilisema kwa sauti, "Mngejua nani atazaliwa mngekula?" Nilikuwa na hasira kuliko siku ya mazishi. Yule mtu alikuwa amelindwa, tena na babu zangu wenyewe.

Koo likafunga hata kwa uji. Mke mwenza akaogopa, akaniambia naonekana kama marehemu alivyokuwa. Na ni hapo, aliposema marehemu, ndipo akili yangu ikageuka upande wa pili.

Shangazi alikuwa dada yake baba. Ukoo wangu ndio ukoo wake. Yule mtu hakumnyima maji mke wa mshukiwa. Alimnyima gichiaro wake maji, jambo ambalo kwetu hata mwendawazimu hafanyi, na hakujua, kwa sababu aliuliza pasi hakuuliza ukoo. Angeuliza neno moja tu kama mama yake! Shangazi naye hakusema, maana alimdhani Mwembu, akamwomba kwa Kiembu.

Na gichiaro ni kamba yenye ncha mbili. Simpigi, simsingizii. Lakini nikiomba, hawezi kuninyima. Chochote, baba alisema.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mtaroni, wanawake wote, majembe juu majembe chini. Kamanda amesimama juu ya ukingo na bunduki yake na chupa yake. Mama yake amekaa langoni na ungo wa maharage. Nikaweka jembe chini. Nikapanda mpaka mbele yake.

"Pasi," akasema, kiganja wazi.

Nikamjibu kwa Kimeru, kwa sauti ya kufika langoni. Nikataja ukoo wa baba yangu, nikataja na ukoo wake. Nikasema, "Mwanamke uliyemmwagia maji hapa, yule aliyekufa, alikuwa dada ya baba yangu. Damu moja, ukoo mmoja. Mwulize mama yako yeye alikuwa nani kwako."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizima vile. Kiganja kilibaki hewani. Na kule langoni ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika, yule bibi akaja anakimbia, bibi wa umri ule, anajipiga kifua. "Umemnyima gichiaro maji?" akapiga yowe. "Wewe, uliyenyonya hapa? Maji?" Kamanda akasema polepole, kwa Kimeru kibovu cha mtoto, kwamba hakujua. Mama yake akamtemea miguuni, na ile haikuwa baraka.

Wanawake walikuwa wameacha kuchimba. Hom gadi wadogo walikuwa wanatazamana, hawaelewi lugha, lakini walielewa mama.

Nikasema, "Mimi ni gichiaro. Naomba maji. Si hayo ya chupa. Shuka mtoni uchote mwenyewe, ubebe mgongoni kwa mukwa, uje utunyweshe sote."

Mukwa ni ule ukanda wa ngozi wanawake wetu wanaoutia kipaji cha uso kubebea mzigo. Mwanamume hagusi mukwa. Akiuvaa, heri avue nguo hadharani. Nilikuwa nimelifikiria hilo, mjukuu wangu, nimelilalia na kuliamkia.

Alimtazama mama yake kama atamwokoa. Bibi akaokota debe, akalifunga mukwa kwa mikono yake, akampa.

Alimkabidhi mwenzake bunduki. Akashuka. Tulimwona akipotea kwenye migomba, na hakuna aliyeshika jembe. Aliporudi, alikuwa ameinama, mukwa umemkata uso, maji yanamwagikia mgongo wa kombati yake, na mshipa wa shingo umesimama. Mteremko ule kwa kupanda si mchezo, sisi tuliujua. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Akatua debe mbele yangu. Akachota kwa kata, akanishikia kwa mikono miwili kama anayehudumia wazee. Nikayatazama maji. Yalikuwa na jani dogo linaelea. Nikaogopa, nasema kweli, koo lisije likaniaibisha mbele yake. Nikamtazama yeye badala ya kata, ule uso uliozima, ile alama nyekundu kwenye kipaji. Nikanywa.

Yaliteremka. Yote. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma, na yakateremka, na mimi nikasikia njia nzima tumboni ikifunguka. Nikamrudishia kata.

"Ongeza," nikasema.

Aliongeza. Nikanywa, nikamwambia aongeze tena, tumbo likajaa, nikanywa. Kisha nikamwonyesha wengine, mmoja mmoja, mzee kabisa kwanza, na watoto wa shangazi wakaitwa. Alirudi mtoni debe lilipokwisha, bila kuambiwa.

Alipomaliza kumnywesha wa mwisho alirudi kwangu. Jasho na maji vilimchuruzika, sijui kama yalikuwemo machozi, na sikujali. Akavua mukwa. Akasema kwa Kimeru chake kile kibovu, "Gichiaro. Na mimi nina ombi."

Mungu wangu! Hilo sikulifikiria. Kamba ina ncha mbili, na ncha ya pili alikuwa ameishika yeye. Nilijua anachotaka kuomba. Akilitamka tu neno lile, akasema nisamehe kwa jina la gichiaro, sitaweza kumnyima. Nitakuwa nimemsamehe, nitake nisitake, na shangazi yuko chini ya udongo. Akageuka kwa mama yake, pengine amwombee. Yule bibi akatikisa kichwa. "Mdomo ni wako," akasema, akaenda kuokota maharage yake.

Akafungua kinywa. Mimi nikashika jembe na kuanzisha wimbo wa kuchimba, ule wa kila siku, kwa sauti ya juu kabisa, huku nateremka mtaroni. Yule mzee kabisa kati yetu, ambaye hajui Kimeru hata kidogo lakini anajua uso wa mwanamke mwenye sababu, akaitikia. Wote wakaitikia. Majembe yakaanguka kwa pamoja, sauti ikapanda mpaka msituni. Nilimwona kule juu, midomo yake inacheza. Sikusikia kitu. Tuliimba mpaka alipoondoka pale ukingoni.

Afisa na mkalimani walikuja baada ya siku chache. Mkalimani akaniuliza kama nina la kusema, mwanafunzi wa misheni. Nikasema sina. Sikuwa na haja tena.

Tangu siku hiyo lilikuwepo debe la maji mtaroni kila asubuhi. Nami likizo nzima nilimkimbia yule mtu kama kuku anavyomkwepa mwewe. Akija huku naenda kule. Akinielekea nafungua wimbo.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanimiminia maji katika bilauri ya kioo. Nikanywa mpaka mwisho, bila kupumua. Macho yake yakalowa. "Unaona?" akasema. "Umemsamehe." Nikamwambia ndiyo, mwalimu. Rafiki yangu wa Mbeere alikuwa akinisubiri nje na muwa. Nikamwambia ale mwenyewe.

Nilimaliza shule, nikafundisha, nikaolewa, nikalala usingizi wangu wote. Yule mtu alinitafuta kwa miaka mingi. Alituma watu, nikawaambia nimesafiri. Baada ya Uhuru alikuja kanisani kwetu akakaa benchi ya nyuma, mzee tayari, ameshika kofia. Nilipomwona niliingia mlango wa kwaya, nikatokea nje, nikaenda nyumbani kabla ya sadaka. Niliambiwa amefariki nikiwa jikoni napika. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Mjukuu wangu aliizungusha chai iliyopoa kikombeni. Naona alikuwa anatafuta lile neno lake la chuoni la kunifaa. Mwishowe akaniuliza kwa upole, "Kwa hivyo, nyanya, hukumsamehe?"

"Hakuwahi kuniomba," nikamwambia, nikamtuma aniletee maji.